Choki na Marisau: kwa Bata Mzinga wa Missouri na kwa Kanga wa Katanga

Mpwa wangu anayeishi Missouri, nchini Marekani, ameniuliza swali ambalo wawindaji wa hapa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, huniuliza pia kila kiangazi kinapokaribia: anunue choki gani (kibano cha mdomo wa mtutu), na marisau (chembe ndogo zilizomo ndani ya kartushi) ya namba gani? Yeye anajiandaa kwa msimu wa bata mzinga wa porini, ndege ambaye sisi hatunaye. Sisi tuna kanga na kwale. Hata hivyo, bunduki ni ile ile ya kalibri 12, baruti ni ile ile, na kanuni zinazoongoza marisau angani hazibadiliki kwa kuvuka bahari. Ninaandika hapa yale niliyomjibu, pamoja na yale ambayo ningependa wenye bunduki wa huku kwetu wayazingatie, kwa sababu kila mwaka tunaokota porini ndege waliojeruhiwa siku zilizopita na watu waliochagua kartushi kwa mazoea.

Ninavyoona mimi, choki na namba ya marisau havichaguliwi kwa jina wala kwa sifa ya duka. Huchaguliwa kwa namna ndege anavyopigwa: yuko umbali gani, ametulia au yuko mbioni, na ni sehemu gani ya mwili wake unayoilenga. Hayo yakishajulikana, unaipiga karatasi kubwa ili uone marisau yanavyotawanyika, na karatasi ndiyo inayokata shauri.

Tuanze na bata mzinga, maana yeye ndiye aliyeleta swali. Dume mzima wa porini huwa na uzito wa kati ya kilo 7 na 11, ana manyoya mazito yaliyopangana kama vigae, na kifua chake ni nyama nene iliyokaa juu ya mfupa mpana. Ukimpiga mwilini kwa marisau, mara nyingi ataondoka nayo na kwenda kufia mbali. Kwa hiyo Wamarekani hawamlengi mwilini hata kidogo. Wakati wa majira ya kuchipua mwindaji huketi chini ya mti, amejifunika nguo zenye rangi za msitu, anaigiza sauti ya jike, na dume anakuja mwenyewe kwa miguu. Anapofika karibu na kunyoosha shingo ili atazame, ndipo anapopigwa kichwani na shingoni, mahali penye fuvu na pingili za uti wa mgongo. Dume akiwa amejitutumua, mkia umefunguka na shingo imerudi ndani ya manyoya, mwindaji mwenye subira hafyatui. Anangoja shingo itoke.

Hapo ndipo hesabu yote inapotokea. Shabaha ni nyembamba, haizidi upana wa vidole vichache, na ndani ya wembamba huo zinahitajika chembe kadhaa, kwa sababu chembe moja inaweza kupita kwenye ngozi tupu ya shingo bila kugusa mfupa. Basi yanatakiwa marisau mengi yaliyosongamana mahali padogo, na ndiyo maana bata mzinga amekuwa ndege wa choki iliyobana kuliko zote.

Nieleze choki kwa wale ambao hawajawahi kuishika. Tundu la mtutu wa kalibri 12 lina kipenyo cha takriban milimita 18.5 kuanzia mbele ya chemba, yaani mahali kartushi inapokaa. Karibu na mdomo, katika sentimita chache za mwisho, tundu hilo hupunguzwa kidogo, na kule kupunguzwa ndiko tunakokuita choki. Choki kamili hupunguza takriban milimita 1, nusu choki milimita 0.5, robo choki milimita 0.25, na mtutu wa silinda haupunguzi kitu. Tofauti hizi zinaonekana ndogo mno, lakini matokeo yake si madogo. Kwa desturi hupimwa kwa kuhesabu matundu ndani ya duara la kipenyo cha sentimita 76 lililowekwa yadi 40, yaani mita 36.6. Choki kamili inatarajiwa kuingiza humo takriban asilimia 70 ya marisau yote, nusu choki asilimia 60, robo choki asilimia 50, na silinda asilimia 40. Choki maalumu za bata mzinga hubana zaidi ya hapo, hata milimita 1.5 au 2, na hazitengenezewi duara la sentimita 76. Wamarekani huzipima kwa duara dogo la inchi 10, yaani sentimita 25, na wengi wao hutaka kuona chembe 100 ndani yake kwa yadi 40.

Mpwa wangu alipoyasikia haya akaniandikia: «Basi mjomba, ninunue inayobana kuliko zote, na mambo yaishe.» Nilimwambia asifanye haraka. Bata mzinga anayeitwa vizuri hasimami yadi 40. Mara nyingi huja mpaka mita 15 au hata 10. Kwa umbali huo choki ya kupita kiasi hutoa fungu la marisau lisilozidi ngumi ya mtu mzima, na mwindaji ambaye moyo unamdunda na mikono inamtetemeka anatakiwa kupiga kichwa kinachochezacheza kwa ngumi hiyo. Madume wengi hukoswa karibu kabisa, na anayewakosa huduwaa, kwa maana alijua amewapata. Mimi kwa mtu anayeanza ningechagua choki kamili ya kawaida, au iliyobana zaidi kidogo tu, kisha ningejiwekea mwisho wa mita 35 na nisiuvuke. Kumwita ndege mpaka afike karibu ni ustadi unaojifunzwa, na hakuna choki inayoweza kushika nafasi yake.

Sasa marisau yenyewe. Hapa ndipo penye mtego ambao watu wengi wa Lubumbashi hawaujui, kwa kuwa kartushi tunazoziona hutoka nchi mbalimbali, na kila nchi ina namba zake. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Hilo ni sawa kila mahali. Lakini namba 5 ya Ufaransa ina kipenyo cha milimita 3.0, namba 5 ya Marekani ina milimita 3.05, ilhali namba 5 ya Uingereza ina milimita 2.8 tu. Chembe ya milimita 2.8 ni nyepesi kuliko ile ya milimita 3.0 kwa karibu moja ya tano. Hivyo mtu aliyezoea namba 5 ya Kifaransa, akaletewa sanduku lenye namba za Kiingereza, anapiga kwa chembe ambazo Mmarekani angeziita namba 6. Hajafanya kosa, lakini asishangae bunduki yake ikibadilika tabia. Dawa yake ni nyepesi: soma milimita, usisome namba. Masanduku mengi ya Ulaya huandika kipenyo kwa milimita pembeni mwa namba. Lisipoandika, kata kartushi moja, panga chembe kumi zikigusana kwenye mfereji wa rula, soma urefu wa msitari huo, kisha ugawanye kwa kumi.

Kwa bata mzinga, marisau ya kawaida ya madini ya risasi ni namba 4, 5 na 6 za Kimarekani, yaani milimita 3.3, 3.05 na 2.79. Katika aunsi moja, ambayo ni gramu 28 na kidogo, zinaingia takriban chembe 135 za namba 4, 170 za namba 5, na 225 za namba 6. Hesabu hizi tatu zinatosha kuonyesha ubishi wote wa wawindaji wa bata mzinga. Namba 4 hubeba nguvu mbali lakini ni chache, na kichwa chembamba kinaweza kupita katikati yake. Namba 6 hujaza shabaha vizuri sana, ila kila chembe hupoteza kasi upesi zaidi, kwa kuwa kitu chepesi hushindwa na hewa mapema. Namba 5 imekaa katikati. Katika jimbo la Missouri sheria yenyewe imeweka mpaka: kwa bata mzinga hairuhusiwi kutumia marisau makubwa kuliko namba 4. Mpaka huo ni wa busara, kwa sababu anayepakia chembe kubwa ana nia ya kupiga mwili kutoka mbali, tena katika misitu ambamo watu wengine wameketi wamejificha.

Nilimshauri aanze na namba 5 ya kipimo cha gramu 50 hivi, ambacho Wamarekani hukipata kwenye kartushi ndefu ya milimita 76, aijaribu sambamba na namba 6, kisha aiachie bunduki yake iamue. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja kwa mwezi mmoja inaweza kutofautiana. Mmoja utapenda namba 5, mwingine utaikataa na kuitawanya ovyo. Hakuna mtu anayeweza kulijua hilo kwa kuutazama mtutu.

Kwa hiyo tuje kwenye karatasi, maana hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ambayo karibu wote huiruka. Mimi hutumia maboksi ya friji au karatasi za mifuko ya saruji zilizopasuliwa na kuunganishwa kwa gundi mpaka zifikie mita moja na zaidi kila upande. Zinapigiliwa kwenye fremu ya miti, na nyuma yake pawe na kichuguu kikubwa au ukingo wa udongo. Katanga haina uhaba wa vichuguu, vingine vina urefu kuushinda ule wa nyumba. Umbali upimwe kwa futi kamba, wala usipimwe kwa hatua, kwa sababu hatua za mtu mwenye haraka hudanganya. Mimi huweka mita 35 kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Katikati ya karatasi weka alama nyeusi ya kulenga. Keti, egemeza mkono wa mbele juu ya mfuko wa mchanga, ziba masikio, na ufyatue polepole kama unavyofyatua bunduki ya risasi moja.

Ukishapiga, usichore duara kuizunguka alama uliyoilenga. Tafuta kwanza mahali palipojaa matundu zaidi, hapo ndipo uweke msumari na kamba ya sentimita 37.5, uchore duara. Umbali uliopo kati ya katikati ya duara hilo na alama yako utakuambia kama bunduki inapiga pale unapolenga, na bunduki nyingi, hasa zenye mitutu miwili iliyolala sambamba, hazipigi pale. Kisha gawanya duara katika robo nne na uhesabu kila robo, huku ukikata kila tundu kwa kalamu ya rangi ili usilihesabu mara mbili. Asilimia ni muhimu, lakini kilicho muhimu zaidi ni mapengo. Kata kipande cha karatasi ngumu chenye umbo la kichwa na shingo ya ndege, ukitembeze juu ya duara. Pale kinapoweza kulala bila kugusa matundu matatu au manne, hapo ndege wako angeondoka na jeraha. Ukiona mapengo ya namna hiyo mita 35, isogeze karatasi mita 30, halafu 25, mpaka mapengo yafungwe. Umbali ule yalipofungwa ndio mwisho wa bunduki yako kwa kartushi ile, hata kama jirani anajisifu kuwa yake inaua mita 50.

Kazi hiyo irudiwe kwa kartushi kadhaa za aina moja, kwa kuwa moja haitoi ushahidi wa kutosha. Ninafahamu vizuri kwamba kwetu kartushi ni ghali na wengine hununua moja moja. Nasisitiza hata hivyo: mwenye kartushi chache ndiye anayehitaji karatasi zaidi, kwa kuwa yeye hana za kupoteza.

Nije sasa kwa kanga, ambaye ndiye ndege wetu mkubwa wa bunduki ya marisau. Uzito wake ni kilo moja na robo hivi, pengine na nusu, na hata hivyo ana sifa ya kuwa mgumu, kwa sababu manyoya yake yamebanana na ana nguvu ya ajabu ya kukimbia hata akiwa amevunjika bawa. Maisha yake ni ya kundi. Asubuhi na jioni kundi hutoka pembezoni mwa miombo kuja kwenye mashamba ya mihogo na mahindi yaliyovunwa, au hushuka kwenye dembo, yaani bonde la majani lenye unyevu, kunywa maji. Mchana hujificha kivulini, na usiku hulala juu ya miti. Akishtuliwa, kwanza hukimbia, na huruka pale tu anapoona hana njia nyingine.

Tabia hiyo inatoa namna mbili za kumwinda, na kila namna ina choki yake. Namna ya kwanza ni kutembea na wenzako au na mbwa mpaka kundi lipasuke na kuruka. Hapo ndege yuko angani, mwili mzima uko wazi, na umbali ni mita 20 hadi 30. Choki kamili haifai kwa kazi hii. Kwa mita 20 fungu lake bado ni dogo kiasi kwamba ama unamkosa kabisa, ama unamsaga mpaka nyama haifai kwa chungu. Mimi kwa kanga anayeruka nachagua nusu choki, au robo choki mahali penye vichaka, pamoja na marisau ya milimita 2.75 hadi 3.0, yaani namba 6 au 5 za Kifaransa. Kartushi ya gramu 36 ya namba 6 ina karibu chembe 300, na ya namba 5 ina karibu 230. Zote mbili zinamtosha kanga. Kwa kwale, ambaye ni mdogo na huruka ghafla karibu na miguu, namba 7 ya milimita 2.5 katika robo choki inatosha kabisa.

Namna ya pili ni kuketi na kungoja, mgongo ukiwa umeegemea kichuguu, karibu na njia ambayo kundi hupitia kwenda majini. Namna hii ndiyo ndugu wa ule uwindaji wa bata mzinga, na hapa ningependa wenzangu wajifunze kwa Wamarekani. Kanga anayetembea bila wasiwasi akisimama na kunyoosha shingo, ana kichwa kitupu kisicho na manyoya na shingo nyembamba, na choki kamili yenye namba 6 kwa mita 25 au 30 humlaza papo hapo, mwili ukabaki safi. Sharti lake ni kungoja mpaka ndege mmoja ajitenge na wenzake. Ninajua kwamba mazoea yetu ni kinyume cha hayo: mtu huvizia mpaka vichwa vya kundi vikutane, ndipo anafyatua katikati ili kartushi moja ilipe ndege wanne. Wanne huanguka kweli, lakini wengine watatu hukimbia na chembe tumboni, wakaliwa na mbweha au wakaoza vichakani bila faida kwa yeyote. Hesabu ya uchumi inayotaja wanne bila kutaja wale watatu si hesabu kamili, na makundi ya karibu na mji yanapungua mbele ya macho yetu.

Kibaya zaidi ni kumpiga ndege kwa shevrotini, yaani chembe kubwa za kupigia wanyama. Kartushi ya shevrotini tisa ina chembe tisa, kila moja ikiwa na unene wa zaidi ya milimita 8. Ukizitawanya chembe tisa katika duara la sentimita 75, nafasi iliyopo kati yake inampitisha kanga mzima, na ile itakayompata itampasua. Tena chembe nzito kama hiyo husafiri mbali sana, na mashamba yetu yana watu, wachoma makaa, na akina mama wanaorudi na kuni. Vivyo hivyo sikubali marisau yaliyoyeyushwa nyumbani kutoka kwenye betri za gari na kukatwakatwa kwa kisu. Chembe isiyo duara haiendi sawasawa, hupinda, hupoteza kasi, na kuacha mapengo makubwa karatasini. Na moshi wa kuyeyushia betri ni sumu kwa anayeyeyusha na kwa watoto walio uani.

Wengi wetu hapa hatuna choki za kufungua na kufunga. Tuna bunduki za zamani za mitutu miwili, nyingi zikiwa za Ubelgiji, zilizotengenezwa Liège, ambazo baba na babu walizirithisha. Mara nyingi mtutu wa kulia ni nusu choki na wa kushoto ni kamili, na kifyatulio cha mbele hufyatua wa kulia. Huu ni mpango wenye akili: ndege anayeruka karibu apigwe kwanza na mtutu uliofunguka, na akishakuwa mbali apigwe na uliobana. Katika bunduki ya namna hiyo nashauri upakie namba 6 kulia na namba 5 kushoto. Lakini kabla ya yote ipeleke bunduki kwa fundi chuma mwenye kalipa ya kupimia ndani ya tundu. Katika mji wa karakana kama huu wetu hawakosekani. Apime mdomo, apime pia tundu kwa ndani, kwa kuwa choki ni tofauti kati ya vipimo hivyo viwili. Mtutu wenye tundu la milimita 18.3 na mdomo wa 17.8 ni nusu choki. Mwenye kupima mdomo peke yake, akaulinganisha na 18.5 ya vitabuni, atauhesabu kuwa umebana zaidi. Pia wako watu waliokata mitutu kwa msumeno ili kuifupisha. Wakikata, wameiondoa choki yote, na bunduki hiyo ni ya silinda hata kama chapa inasema vingine.

Bunduki za kisasa zenye choki za kufunga huonyesha daraja kwa mikato midogo kwenye ukingo wa choki: mkato mmoja ni kamili, miwili ni robo tatu, mitatu ni nusu, minne ni robo, mitano ni silinda. Usifyatue kamwe bila choki kufungwa, maana nyuzi za skurubu zitaharibika, na ukague kama imekaza kila baada ya kartushi chache.

Liko jambo la urefu wa chemba, na hili naliandika kwa uzito wote. Bunduki nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zina chemba ya milimita 65, wakati kartushi za leo zina milimita 70, na zile za bata mzinga zina 76 na hata 89. Urefu huo hupimwa kartushi ikiwa imeshafunguka baada ya kupigwa. Kabla ya hapo ni fupi zaidi, kwa hiyo kartushi ya 76 huingia bila shida katika chemba ya 70, na mtu hudhani inafaa. Inapofyatuka, mdomo wake hufungukia ndani ya tundu jembamba, shinikizo hupanda kupita kiasi, na bunduki inaweza kupasuka mkononi. Mpwa wangu ana bunduki mpya ya chemba ya 76, kwa hiyo yeye yuko salama. Wewe wa hapa mjini, wa Katuba au Ruashi, mwenye bunduki ya babu usikubali zawadi ya kartushi ndefu.

Aliniuliza pia kuhusu marisau ya tungsteni, ambayo siku hizi yanasifiwa sana kule Marekani. Sifa hizo ni za haki. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11 hivi, ya chuma ina chini ya 8, na ya tungsteni ya marisau ina 18. Kwa uzito huo chembe ya tungsteni namba 9, yenye milimita 2 tu, hupenya kama chembe ya risasi ya namba 5 au hata namba 4, na katika aunsi moja zinaingia zaidi ya 350. Ndiyo maana leo mtu huweza kumwangusha bata mzinga kwa bunduki ndogo ya kalibri 20 au 410. Bei yake, hata hivyo, ni mara nyingi ya bei ya kawaida, na nimemwambia kwamba kwa mita 35 risasi ya namba 5 haina upungufu wowote. Marisau ya chuma ni habari nyingine: ni magumu, hayabonyei, na hayapaswi kupitishwa katika choki ya bata mzinga wala katika mtutu wa zamani wa Liège, kwa sababu yanaweza kuuvimbisha mdomo wake.

Anayetumia risasi ya kawaida akumbuke kwamba madini hayo ni sumu. Kata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, tafuta chembe kwa vidole kabla ya kupika, na usimloweke kanga kwenye siki wala ndimu kabla hujazitoa, maana asidi huyeyusha risasi na kuiingiza katika mchuzi. Akina mama wajawazito na watoto wapewe vipande vya mapaja visivyoguswa. Hii ni sababu nyingine ya kupenda shabaha ya kichwa: ndege aliyepigwa kichwani huja na kifua kisicho na chembe hata moja.

Sheria nazo zisisahaulike. Sheria ya uwindaji ya Kongo ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali cha kuwinda, na bunduki yenyewe ina kibali chake. Ndani ya mbuga za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda, hata kanga mmoja.

Mpwa wangu amenitumia picha ya karatasi zake juzi. Namba 6 ilijaza vizuri upande wa kushoto na kuacha pengo juu kulia. Namba 5 ya kiwanda kile kile, katika choki kamili aliyoikuta kwenye bunduki, ilifunga pande zote mpaka mita 35, ikaanza kufunguka mita 40. Fungu lake lilikaa sentimita kumi juu ya alama, kwa hiyo atalenga mahali shingo inapotokea kwenye manyoya, wala si usoni. Choki ya bei ghali aliyokuwa ameiwekea akiba hatainunua mwaka huu.